Swali la Tisa na Fimbo ya Mzee wa Keza

Swali la tisa ndilo nililolipenda kuliko yote. Maswali mengine ya fomu yetu yalikuwa ya kubembeleza: unajisikiaje, maumivu unayapa alama ngapi kati ya kumi, usingizi unakuja. Watu wa kwetu ukiwauliza habari watakujibu "nzuri" hata kama paa linaungua, halafu baada ya salamu ndipo wanakueleza habari za moto. Swali la tisa halikuhitaji adabu ya mtu. Liliuliza kama mhusika anatembea bila fimbo, gongo wala kifaa chochote cha kumsaidia. Ndiyo au hapana. Unatazama, unatia alama, unafunga kalamu.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Biharamulo, na mradi wa utafiti ulinichukua kwa sababu mbili: naendesha pikipiki na mwandiko wangu unasomeka. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafuata majumbani watu wa Biharamulo na Ngara waliopasuliwa kichwa au uti wa mgongo Mwanza, na kuona wanaendeleaje baada ya miezi mitatu, sita na mwaka. Madaktari wanajua mgonjwa alivyotoka wodini. Alivyofika shambani kwake hawajui, na hilo ndilo tulilotumwa kulichungulia. Wengine niliwahoji hata kabla ya kupasuliwa, ili tuwe na cha kulinganisha.

Niseme mapema kwamba mimi ni mkali. Nilifundishwa na masista wa Rulenge, na kwao shuka likikunjwa vibaya lilikunjuliwa mbele ya wodi nzima. Kwa hiyo fomu zangu hazikuwa na huruma. Karibu na Lukole kulikuwa na bwana mmoja aliyepasuliwa kichwa baada ya ajali, na mkewe alinilalamikia kwamba mume amerudi na kumbukumbu zote, hata zile ambazo yeye alikuwa ameshukuru kimyakimya kwamba zimepotea. Nikaandika: kumbukumbu, nzuri. Malalamiko ya mke hayakuwa na kisanduku chake.

Wazee wa mgongo ndio walionisikitisha. Nilikuwa nawapigia simu siku mbili kabla, kwa ustaarabu, na nikifika nawakuta wamenisubiri kwenye kiti, koti limevaliwa, fimbo mkononi. Nikiomba wasimame watembee, wanasimama taratibu, wanaweka fimbo mbele, wanavuta hatua moja, wanatua, wanavuta nyingine. Swali la tisa: hapana. Mmoja baada ya mwingine, Biharamulo mpaka Ngara, hapana, hapana.

Siku moja Daktari, yule mpasuaji anayeongoza utafiti, alinipigia simu kutoka Mwanza. Ni mtu mpole, anayeongea kana kwamba kila mtu amelazwa. Aliniuliza kama huko kwetu kuna tatizo lolote la pekee. Wagonjwa wake wa mgongo wa wilaya nyingine wanatembea, alisema, na wa kwangu wote wana fimbo. Nilihisi damu inapanda. Nikamwambia kwamba mimi naandika ninachokiona, na kama hapendi ninachokiona aje aone mwenyewe. Akasema asante, Sista, akakata simu. Usiku huo nililala nimejipongeza.

Wiki iliyofuata nilikwenda Keza kumhoji mama mmoja kabla ya kupasuliwa. Alikuwa na uvimbe mdogo ndani ya mgongo, sio wa aina mbaya, lakini ulikuwa umeubana uti, na miguu yake ilikuwa inakufa kidogokidogo. Aliniambia kwamba kandambili inamchomoka njiani na yeye anaendelea kutembea bila habari, mpaka watoto wamwite wakiwa wameishika. Daktari alikuwa amempa tarehe, wiki mbili mbele, na alikuwa ameniagiza nimsisitizie: uvimbe ukikaa sana, hata ukitolewa, miguu haitarudi.

Tulimaliza maswali yangu, kisha yeye akaniuliza lake. "Hao wengine waliopasuliwa mgongo, Sista, unaowatembelea. Wanatembea?"

Mtu mwenye akili angesema kila mgonjwa ana yake. Mimi nilikuwa na fomu kichwani. "Wanatembea," nikasema, "kwa fimbo."

Akamtazama mumewe, na mumewe akatazama chini. Mama akasema alikuwa anajua. Kuna mzee wa kilima cha pili, alipasuliwa mwaka jana, na kila Jumapili anamwona akipita kwenda kanisani: hatua moja, anatua, hatua moja, anatua. Alipoondoka hakuwa na fimbo, amerudi nayo. "Basi bora miguu yangu hii mibovu ninayoijua," akasema. "Waambie siendi."

Mdomo huponza kichwa. Wangu ulikuwa umeponza mgongo wa mtu mwingine. Nilibembeleza, nikafoka, nikachora uti wa mgongo nyuma ya fomu. Alinisikiliza kwa heshima zote na akaniletea karanga.

Nilitoka pale nina hasira na kila mtu, hasa na yule mzee. Nilikuwa namfahamu, ni mmoja wa watu wangu. Mfereji wa uti wake ulikuwa umebana mpaka akawa hawezi kusimama wima, na aliondoka Keza amebebwa kwenye machela. Nikaona niende nikamwulize hasa kilichomharibikia, labda nipate cha kumwambia mama. Sikupiga simu. Nikapanda pikipiki nikakata kilima.

Nilimkuta mgombani. Alikuwa anashuka na mkungu wa ndizi begani, mkubwa, wa kumtosha kijana, na anashuka haraka maana mteremko ulikuwa unamsukuma. Alikuwa amevaa kaptura. Mikono ilikuwa kwenye mkungu, na fimbo sikuiona mahali popote pale.

Tulitazamana. Nilitaka kufurahi na nilitaka kumgombeza, kwa sababu Daktari alimkataza kubeba mizigo. Mzee aliutua mkungu chini kama mtu aliyeshikwa na mkungu wa jirani, akaingia ndani. Nilisubiri. Akatoka amevaa suruali, koti na kofia, fimbo mkononi, akaja kunipokea: hatua moja, akatua, hatua moja, akatua.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, Sista. Mbona hukupiga simu?"

Nilimwuliza fimbo ni ya nini. Mzee huyu L zake zote ni R, na simcheki, maana Kihangaza changu ni kibovu zaidi. Alinijibu kwa uvumilivu, kama unavyomweleza mtu asiye na kwao. Aliporudi mzima kutoka Mwanza wanawe walipika urwagwa, pombe yao ya ndizi, wakaita watu, wakampa fimbo, kwa sababu sasa alikuwa mtu mzima aliyetoka kaburini, sio mkulima wa migomba tu. "Wewe unakuja na pikipiki ya serikari na makaratasi," akasema. "Nikupokee mikono mitupu kama mchunga mbuzi?"

Ndipo nikaketi, juu ya ule mkungu wa ndizi. Baba yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa na fimbo. Hakuitegemea hata siku moja, ila kwenye msiba, kwenye posa na mbele ya mtendaji hakuonekana bila hiyo. Nilikua naiona imeegemezwa nyuma ya mlango. Na mimi, binti yake, nilizunguka wilaya mbili nikiwapigia wazee simu ili wapate muda wa kuvaa heshima zao, kisha nikawaandika vilema.

Nilimweleza mzee habari za mama, kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa amemtaja. Nikamwomba twende wote, akamwonyeshe anavyotembea. Akakubali hapo hapo. Nikamwomba aiache fimbo nyumbani. Akakataa hapo hapo. Kwenda kwenye mji wa watu mikono mitupu, kumwona mgonjwa, ni kumtangazia kwamba humheshimu. Nikasema ni muuguzi ninayemwomba. Akasema muuguzi ana wodi yake, na huku ni Keza.

Tulikwenda. Pikipiki niliiacha. Mzee alinipita kwenye mteremko, akaruka mtaro ambao mimi niliuvuka kwa kukalia matako, akanisubiri ng'ambo akinitazama kwa huruma. Nikaanza kupata moyo. Kisha tulipofika mahali ambapo mji wa mama unaonekana, akatengeneza kofia, akashusha pumzi, na akaanza. Hatua moja, akatua. Hatua moja, akatua. Nilinong'ona nikimsihi akaze mwendo. Alijifanya hasikii. Na mama alikuwa mlangoni, amesimama ameshika fremu, anatazama kitu kile kile alichokiona Jumapili zote. Nilitamani kulia.

Walisalimiana kwa Kihangaza, kirefu, na mimi niliambulia nusu. Mzee alipokaribishwa kiti alikataa. Alimwuliza mama anaogopa nini. Mama aliinamisha kichwa, akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Naogopa kurudi kama wewe, mzee."

Mzee alinitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Na kweli mimi ndiye niliyesema, kwenye fomu. "Kama mimi?" akauliza. Nilimwona anapotambua: Jumapili zote hizo, mwendo wote ule wa fahari, na huku watu wanamhesabia hatua kwa kumwonea huruma. Nilidhani ataondoka.

Alimpa mama fimbo. Alimwekea mkononi, akamfunga vidole juu yake, kwa sababu mama alikuwa anakataa. Kisha akaangalia chini. Kandambili moja ya mama ilikuwa imebaki uani, hatua kadhaa nyuma, ilipomchomoka bila yeye kujua. Mzee akaifuata kwa mwendo wa mtu anayekimbia mvua, akainama, mgongo ukakunjika na kukunjuka, akarudi nayo, akainama tena akamvika mguuni. Mzee mwenye koti, mbele ya mume wa mtu. Mama aliona aibu akataka kuurudisha mguu nyuma, lakini mguu haukumtii.

"Shika hiyo," mzee akamwambia. "Utanirudishia mwenyewe. Kwa miguu."

Akageuka akaenda zake, bila kusubiri karanga. Mama alimtazama mpaka alipopotea. Halafu akaniuliza basi la Mwanza linapita saa ngapi.

Alipasuliwa tarehe ile ile. Nilimpigia Daktari nikamweleza habari za fimbo, za simu zangu na za baba yangu, na nikamwomba radhi, jambo ambalo silifanyi vizuri. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kisha akasema nirudie fomu zote, safari hii bila kupiga simu. Nilirudia. Nilikuta wazee mabondeni, kwenye migomba, mmoja juu ya paa anaezeka. Wote walikasirika.

Wa Keza ndiye aliyeteseka. Mtu ukimpa fimbo yako huwezi kununua nyingine, ni kama umekata tamaa naye. Wanawe walitaka kumchongea mpya, akakataa. Alikwenda kwenye posa ya mjukuu wake bila fimbo, akakosa pa kuweka mikono, mara mifukoni, mara nyuma, mpaka upande wa pili wakauliza kama anaumwa. Kila aliyemwuliza fimbo iko wapi alimjibu vile vile: "Imerazwa. Iko hospitari Mwanza."

Na mimi nilikuwa na hofu, nisifiche. Mgongo ni mgongo. Taarifa za kwanza zilisema miguu inasikia lakini haina nguvu. Ziara ya miezi mitatu nilimkuta mama anatembea kutoka mlangoni hadi jikoni ameiegemea fimbo ya mzee kwa uzito wake wote, jasho likimtoka. Swali la tisa niliandika hapana, na hiyo ilikuwa hapana ya kweli. Niliporudi nilipita kwa mzee. Hakuuliza kuhusu mama. Aliniuliza fimbo inaendeleaje.

Ziara ya miezi sita sikumkuta mama nyumbani. Mumewe alinionyesha kilima cha pili kwa kidole. Niliacha pikipiki nikapanda kwa miguu, nikafika kwa mzee nahema, na mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani. Alikuwa ameibeba fimbo mlalo kwa mikono yote miwili, kama unavyobeba sahani ya mgeni, na haikugusa ardhi. Kandambili zote mbili zilikuwa miguuni.

Mzee alikuwa kwenye kiti. Aliipokea, akaigeuza, akakagua ncha ya chini. Ilikuwa imelika kwa upana wa kidole kizima. Aliisugua kwa gumba, akaitazama tena.

"Umeira fimbo yangu," akasema.

"Nimeila, mzee," mama akajibu.

Tulikunywa uji. Jua liliposogea mama aliaga, na mgeni kwetu haondoki peke yake, lazima asindikizwe. Mzee akainuka. Wakatoka pamoja, wakashika njia ya mteremko wakibishana kuhusu bei ya maharage, na walikuwa wamekwishafika kwenye mtaro nilipoona fimbo imebaki ukutani, karibu na goti langu.

Niliwahi mkoba, nikatoa fomu mbili, nikatia alama ya ndiyo kwenye swali la tisa kwa wote wawili kabla mzee hajakumbuka kurudi.