Minazi ya Chengo, Ardhi ya Kibokoni

Mgeni akija Mombasa huuliza, shamba hili la nani? Swali nusu hilo, Mungu anisamehe. Pwani unauliza: ardhi ya nani, na minazi ya nani? Maana mtu aweza kumiliki mchanga asimiliki hata kuti moja lililo juu yake, na babu zetu waliishi hivyo wakazikana.

Mbodze naye aliishi hivyo. Asubuhi alifagia madarasa ya shule moja huko Tononoka, lakini kilichomsomesha bintiye Everlyne hakikuwa fagio. Ilikuwa ile minazi ya Kisauni, ng'ambo ya daraja, aliyoipanda baba mkwe wake, mzee Chengo. Ardhi ilikuwa ya ukoo mmoja wa Kibokoni. Mwenyewe, mtu wa msikitini hasa, alimwambia Chengo: "Panda. Mti wako, ardhi yangu." Hapakuandikwa kitu, ulimi wa mtu mzima ulitosha. Chengo akapanda, mwanawe Tsofa akagema tembo, pombe ya mnazi, na Tsofa alipokufa akamwacha Mbodze mjane, nduguye Dzoro akakwea badala yake. Tembo la Dzoro lilisifika hadi Mwembe Tayari. Na kwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, Mbodze hakumsifu hata siku moja.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani, Mbodze alipeleka nazi Kibokoni kwa Bi Mejumaa, binti wa yule mwenye ardhi. Tembo hakuthubutu hata kulitaja mlangoni pale. Nazi tu, za kupikia futari. Hakudaiwa na mtu. Ilikuwa heshima, na Bi Mejumaa alistahili heshima. Uchungu wa Everlyne ulipomshika Mbodze akiwa mjini, alijifungulia kitandani mwa bibi huyo. Na Tsofa alipofariki, Bi Mejumaa alivuka daraja na buibui lake, akaketi matangani pamoja na walevi wa tembo, asimkunjie mtu uso.

Sasa tazama wema unavyogeuzwa. Mwaka wa tisini na sita alitokea tajiri akiitaka ardhi ile ajenge nyumba za watalii, na aliitaka tupu. Shekue, mtoto wa kaka yake Bi Mejumaa, ndiye aliyeshughulikia mali ya ukoo. Akamtumia Mbodze salamu: zile nazi za kila mwaka ni kodi. Mwenye kulipa kodi ni mpangaji, na mpangaji hana mti. Minazi itakatwa.

Mbodze alikwenda kwa chifu. Chifu akasema: "Nendeni mkaelewane. Bi Mejumaa ndiye pekee aliye hai aliyeshuhudia agano lile, na atakalosema yeye ndilo nitakalolifuata."

Basi wakakutana Kibokoni, ukumbini kwa Bi Mejumaa, baada ya sala ya alasiri. Walikuwapo wazee wawili wa msikitini kuwa mashahidi, Shekue na kanzu yake iliyonyooka, na Dzoro, aliyeketi karibu na mlango amekunja vidole vya miguu kama mtu aliye juu ya mnazi. Bi Mejumaa aliegemea mto. Juu yake boriti zilikuwa zimeoza, na mtaa mzima ulijua nani aliyeahidi kuzitengeneza ardhi ikishauzwa.

"Shangazi, sema tu," alianza Shekue. "Nazi zilikuwa kodi, au si kodi?"

Bi Mejumaa alitazama dari, kisha akatazama mkeka. "Mimi ni mzee. Mambo ya ardhi anayajua Shekue."

"Kwa hiyo ni kodi?" aliuliza mzee mmoja.

"Atakavyosema Shekue."

Mbodze aliingiwa na hasira, na ndani ya hasira ile mlikuwa na huzuni, maana alimpenda mama yule. Neno la kumwokoa alikuwa nalo tangu avuke daraja. Alikuwa amemwomba Mungu lisihitajike. Akinyamaza, minazi inaanguka na Everlyne anarudi nyumbani kutoka shuleni. Akisema, anamgusa marehemu babake Bi Mejumaa ndani ya nyumba yake, mbele ya watu waliosali nyuma yake. Na kitanda alichozalia kilikuwa nyuma ya pazia lile pale.

"Shemeji, sema," Dzoro alinong'ona.

"Bi Mejumaa, niwie radhi," alisema Mbodze. "Wazee wangu, mimi si Mwislamu, nisahihisheni nikikosea. Tembo ni haramu?"

"Haramu. Kulinywa na kuliuza," alijibu yule mzee.

"Na mwenye mti, akijua unagemwa, akala kodi yake?"

Wazee walitazamana.

"Basi kama minazi ni ya nyumba hii, tembo lote lililogemwa tangu enzi za Chengo ni la nyumba hii. Na nazi mlizofuturia ndiyo kodi ya tembo. Marehemu mzee alikuwa na shamba la tembo, kisha akienda msikitini kuwasalisha watu. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema alikuwa mcha Mungu, ndiyo maana alisema mti si wake. Chagueni nyinyi."

Shekue aliinuka. "Mama, chunga mdomo wako."

"Kaa kitako, Shekue," alisema yule mzee. "Umeulizwa. Jibu."

Shekue akaketi. Alikuwa ameupigia hesabu mchanga, akasahau kinachotoka juu ya mti.

Aliyejibu ni Bi Mejumaa. "Babangu hakumiliki hata mnazi mmoja pale. Alimwambia Chengo mbele yangu, nami ni msichana. Nazi zilikuwa zawadi. Mwambieni chifu minazi ni ya Chengo na kizazi chake."

Wazee wakaafiki. Dzoro akashusha pumzi. Mbodze akajongea apokee mkono wa Bi Mejumaa aubusu, lakini bibi akauficha ndani ya leso.

"Ungalinijia faraghani," alisema polepole. "Ungaliniambia maneno hayo sisi wawili, ningalimwogopa Mungu nikasema kweli. Umemleta babangu hadharani ukamwaga tembo juu ya kaburi lake."

"Nilikungoja useme wewe, mama."

"Nami nilitaraji utanisitiri. Fadhila za punda ni mateke. Nenda kwenye minazi yako, mwanangu. Hapa usije tena."

Mbodze alitoka na minazi yake yote, akalia njia nzima hadi Kisauni.