Kivinjari cha Baba

Baba yangu alipoanza kupofuka, jicho la kushoto kwanza, alikuwa ameshastaafu ualimu wa shule ya msingi na anaishi Butiama na mdogo wangu wa kike. Daktari mjini Musoma alituambia ni presha ya macho na kwamba tumechelewa kuja. Baba alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti chake, na kwa muda mrefu alicholalamikia hakikuwa giza. Alilalamikia magazeti. Alikuwa mtu wa kusoma gazeti mpaka tangazo la mnada, hata kama limefika likiwa limefungia mboga. Redio ilikuwepo, lakini alisema redio inakusomea inachotaka yenyewe, tena mara moja tu. Neno likikupita limekwenda.

Mimi nafundisha sekondari Bunda. Likizo moja nilimpelekea simu yangu ya zamani ya kupangusa. Ndani yake kulikuwa na kivinjari chepesi cha kuingilia mtandaoni, chenye kitufe cha kusoma ukurasa kwa sauti. Ukurasa wake wa mwanzo ulikuwa na viboksi vikubwa ambavyo niliweza kuvipanga nipendavyo. Chini kulia niliweka masomo ya misa ya siku, chini kushoto gazeti, juu yake gazeti la pili, na juu kabisa hali ya hewa ya ziwani, maana tuna ndugu wavuvi kule Murangi. Kisha nikadondosha vidoti vya gundi kwenye plastiki ya kukinga kioo, kimoja juu ya kila kiboksi, na kimoja kikubwa juu ya kitufe cha sauti. Gundi ilipokauka nilimshika baba kidole nikakipitisha taratibu, kidoti baada ya kidoti.

Alijifunza kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa hasira na kwa kurudia. Likizo ilipoisha alikuwa anafungua masomo mwenyewe asubuhi kabla mdogo wangu hajawasha moto. Majirani wakaanza kupita kumsalimia kwa sababu alikuwa na habari. Alikuwa ananipigia simu Bunda kunieleza mambo ya bungeni ambayo mimi mwenye macho sikuwa nimeyasoma. Siku moja aliniambia kwa utulivu kabisa, "Nilikuwaga nafikiri nimekufa, mama. Kumbe nilikuwa nimenyamaziwa tu." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Iliendelea hivyo kwa miaka kadhaa. Halafu gazeti la kwanza likakataa kufunguka. Baba alidhani kidole chake kimekosea, akabonyeza tena na tena, kisha akamwambia mdogo wangu kuwa labda lile gazeti limefilisika. Baadaye na la pili likakataa, na hali ya hewa ikafuata. Nilipokwenda Butiama kumwona, alinibonyezea nisikie. Ile sauti ilikuwa inasoma tangazo la Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili, na baba alikuwa amekaa siku zote hizo akidhani simu imeanza kuongea Kijaluo. Nilisoma tangazo lenyewe kwenye kioo. Lilisema kivinjari hiki kimepitwa na wakati, tumia kingine.

Masomo ya misa peke yake ndiyo yaliyokuwa bado yanafunguka.

Niliichukua simu mpaka kwa fundi mmoja Musoma, karibu na soko. Aliiangalia, akanieleza kuwa simu imezeeka na kile kivinjari hakiwezi kupokea toleo jipya. Kipo kingine kinachokubali, alisema, nacho kinasoma kwa sauti, ila ndani ya simu hakuna nafasi ya viwili. Akikiweka kipya lazima akitoe cha zamani. Nilimuuliza kama nikinunua simu nyingine itakuwaje. Akasema huko pia nitakuta vivinjari vipya, na vitufe vyake haviko mahali vilipokuwa. Nikamwambia nitarudi.

Nikarudi kwanza Butiama kuwauliza. Mdogo wangu alikuwa anamenya mihogo nyuma ya nyumba, na hakuinua uso. "Dada, hicho kinachofungua masomo kinamtosha," alisema. "Ukimvuruga, hataweza tena." Nilimjibu kuwa hata hayo masomo yatakataa siku yoyote, na kuwa baba anazeeka. Kama ni kujifunza upya, bora ajifunze sasa kuliko mwakani. Alisema yeye ndiye anayeshinda naye kutwa. Nikaenda kumuuliza baba mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake magotini.

"Wewe ndiye unayeona," alisema. "Amua."

Wiki nzima nilikuwa na jambo hilo. Nilikiweka kile kivinjari kipya kwenye simu yangu mwenyewe, nikawa nakijaribu nikiwa nimefumba macho kwenye meza yangu ya ofisi ya walimu, mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Kila mara nilipotea. Nilikuwa natafuta gazeti nafungua matangazo ya kubeti. Lakini nilijiambia kuwa mimi ni mgeni wa giza, na baba si mgeni, vidole vyake vinajua kazi. Jumamosi nilirudi Butiama kuichukua simu, nikaipeleka Musoma, nikamwambia fundi abadilishe.

Likizo ilipofika nilibandua vidoti vya zamani kwa wembe, nikaweka vipya kufuata ukurasa mpya, ambao viboksi vyake havikukubali kupangwa nipendavyo. Tulianza upya, mimi na baba, barazani. Kidole chake kilikwenda chini kulia, kwenye masomo, na hapo sasa palikuwa na habari za mpira. Nilikirudisha. Kikaenda tena chini kulia. Niliona anavyojizuia kukasirika mbele yangu, na kujizuia huko kulinitisha kuliko hasira za mara ya kwanza. Siku nyingine alifika kwenye gazeti, akasikiliza habari nusu, kisha likajitokeza tangazo juu ya ukurasa na sauti ikahamia kwenye mikopo ya haraka. Alisubiri liishe, kwa adabu, kama anayesubiri mgeni amalize kuongea. Habari haikurudi.

Hata hivyo hakuacha. Karibu na mwisho wa likizo aliweza kufungua masomo mara mbili mfululizo bila mimi kumshika, na nikarudi Bunda nikiwa na moyo kidogo.

Halafu kivinjari kikajisasisha chenyewe. Hakuna aliyekigusa. Asubuhi moja ukurasa wa mwanzo ulikuwa umepangwa vingine, viboksi vimekuwa vidogo na vimesogea juu, na kitufe cha sauti kimefichwa ndani ya kitufe kingine. Vidoti vilikuwa palepale na chini yake hapakuwa na kitu. Mdogo wangu alinipigia akanieleza tu kilichotokea. Hakusema kuwa alinionya.

Nilipofika Jumamosi, baba alikuwa ameishika simu mkononi, ananingojea. Nilimwambia nitabandua, nitapanga tena, nitamwomba fundi azuie kisijisasishe. Alinyoosha mkono akanipa.

"Ichukue, mama. Kile cha zamani kilikuwa kibovu, lakini nilikuwa nakijua. Hivi vingine ni vya watu wenye muda."

Nilikwenda Musoma kwa fundi kuomba anirudishie cha zamani. Alitafuta mbele yangu, akapata toleo moja, akaliweka. Lilifunguka. Nikabonyeza masomo, na lile tangazo la Kiingereza likatokea huko nako. Fundi alisema pole, mwalimu, na hakutaka malipo.

Nimeshajaribu mengine. Nilimrekodia habari kwa sauti yangu nikamtumia mdogo wangu amchezee. Baba alizisikiliza mara chache, kisha akamwomba azime kwa sababu anataka kulala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Mwanakwaya mmoja alijitolea kuja kumsomea masomo, naye baba alimshukuru sana na kumwambia asijisumbue. Majirani bado wanasalimia, ila wanasalimia wakiwa njiani, hawaingii.

Nampigia kila Jumapili. Mdogo wangu anamwekea simu sikioni. Ananiuliza kama nimekula, kama Bunda kumenyesha. Nikianza kumweleza habari yoyote ya nchi, anaitikia ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu anayemsikiliza mtoto, kisha anasema simu imemchosha sikio. Wiki iliyopita nilimuuliza anafanya nini kutwa.

"Nakaa," alisema.