Jenereta Niliyoichagua Makindu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumapili moja ya jua kali, na hata leo nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa karani wa kambi ya kujenga barabara, kati ya Kambu na Makindu, na nyumba yangu ilikuwa karavani: chumba kimoja juu ya magurudumu, kitanda kikitazama mlango. Kambi ikihama, trekta huivuta, nami nyuma yake.

Nilipotaka umeme, fundi wa kambi, mzee Nzioka, alinipeleka dukani Makindu. Akaniuliza nitawasha nini. Taa mbili, redio na feni. Akanionyesha jenereta ndogo ya kubebwa kwa mkono mmoja. "Hii itakutosha na ibaki," akasema. Lakini jicho langu lilikuwa kwa ile kubwa, kwa sababu injinia, mkubwa wetu kambini, alikuwa na kama hiyo. Mke wangu Mwikali, tuliyekuwa naye hapo dukani, naye akasema, "Chukua ndogo. Hiyo ingine ikinguruma tutaongea saa ngapi?" Nikachukua kubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika polepole.

Kuishusha tu kulitaka wanaume wawili, na ikiwaka sufuria zilitetemeka. Tukawa tunapigiana kelele hata kuombana chumvi, na kelele ikazaa ugomvi. Mwezi wa tatu tangu tuinunue, Mwikali alifunga nguo zake akaenda kwao Kathonzweni. Hapo ndipo upumbavu wangu ulipokomaa. Kimya cha chumba kile kiliniuma sana, basi nikawa naiwasha mashine hata mchana ili nisikisikie.

Jumapili hiyo nilitoka kanisani, nikaiwasha, nikajilaza nikitazama feni. Petroli ilipoisha jioni, nikatoka nje. Kwenye nguzo ya ua kulikuwa na kiondo kimetundikwa, kimejaa mbaazi. Mama aliyeuza machungwa ng'ambo ya barabara akaja.

"Aliyekiacha ni mama mkwe wako," akasema. "Amesimama hapo kwa jua tangu saa nane. Ameita mara tatu. Nikamwambia wacha niende nikugongee, akakataa. Akasema, kama yuko ndani na hanijibu, basi nimejibiwa."

"Kwani hangekaribia mlango?"

"Na kitanda yako iko hapo mlangoni? Atakaribia aje?"

Wewe mtoto wa siku hizi huenda hujui. Kwetu Ukambani mama mkwe hasogelei mahali anapolala mkwewe. Ndiyo nthoni, haya na heshima kwa pamoja. Alikuwa mjane, hakuwa na wa kumtuma, akaja mwenyewe kuniuliza kama bado namtaka binti yake. Na nilimtaka, mwanangu. Nilimtaka sana.

Kesho yake nikafika Kathonzweni. Mama mkwe alikuwa nyumba ya pili, nikimsikia akikohoa, lakini nthoni ile ile ilinizuia kumwomba msamaha uso kwa uso. Mwikali alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mashine ningekusamehe," akasema. "Lakini mama amerudi hapa akilia. Ni mimi nilimwomba aje kwako, na simtumi tena."

Hakurudi. Mbaazi zile nilizila peke yangu siku nne, jenereta imezimwa.

Kwa hivyo, mwanangu, ukienda kununua jenereta ya karavani yako, angalia uzito, ndiyo, na uhesabu taa zako. Kisha iwashwe, na mtu asimame mbali, pale ambapo mgeni mwenye haya angesimama, akuite kwa sauti ya mama mzee. Usipomsikia, iache hapo dukani, hata kama tajiri wako anayo kama hiyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi wangu alikuja, akaita, na ugonjwa ule ninao mpaka leo.

Mungu akupe mwanga wa kukutosha, wala usizidi. Na yeyote atakayekuja kukuita kwa upendo, Mungu amkutanishe nawe ukiwa unasikia.