Dada, Kipara na Nywele za Kulipia

Dada yangu mkubwa ana vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Vidole vimempatia saluni ya viti vitatu, wateja wanaogombania zamu, na mgongo usiomwacha alale vizuri. Ulimi umempatia mambo mengine, na hili ninalolisimulia ni mojawapo. Mimi ni mdogo wake, nasuka kwenye kiti cha pili, kwa hiyo sikuhadithiwa na mtu.

Kompyuta haikuwa yake. Binti yake alipoolewa aliiacha sebuleni, na ndani yake gemu ya maisha ya mjini: unamuumba mtu, unamjengea nyumba, unamtafutia kazi, unamtazama akiunguza chakula. Siku moja ya mapumziko dada aliiwasha ili aone mwanawe alikuwa akipotezea wapi muda. Alipofika mahali pa kuchagua nywele, akaniita kama mtu aliyekanyaga nyoka.

"Njoo uone! Huyu wamemsuka au wamemfunika sufuria?"

Mitindo ya kusuka ilikuwepo, miwili tu, na yote miwili ilikuwa aibu. Mistari haikuanzia popote. Rasta zilitoka kichwani kama misumari. Kumbe wapenzi wa gemu hiyo hujitengenezea nyongeza wenyewe, wanaziita modi, na kupeana mtandaoni: nguo, viti, sura za watu. Dada akavaa miwani yake ya kusomea na kuanza kujifunza kwa video, huku akitukana kipanya cha watu kisicho na kosa.

Mabutu ya kwanza aliyomsukia mtu wa gemu yalipendeza kweli, ila yalikuwa makavu kama kuni. Akayaweka mtandaoni bure. Miongoni mwa walioandika chini yake alikuwa mtu aliyejiita Kipara.

"Hongera, fundi," aliandika. "Ila mtu wako akikimbia, kichwa kinabaki kama cha sanamu. Nikikutengenezea programu ya kuzitikisa hizo nywele, utanuna?"

Dada hakununa. Kipara alikuwa karani wa bohari katika mji tusioujua, na kipara chake kilikuwa cha kweli, alituma picha. Hawakuwahi kuonana. Dada alichora nywele, Kipara akazifanya zicheze: mtu akigeuka zinamfuata, upepo ukivuma zinapepea. Wakawa wanatumiana ujumbe wa sauti mchana kutwa, na dada, kwa kuwa mikono yake ilikuwa vichwani mwa watu, aliuacha usikike saluni nzima.

"Fundi, hizi za leo umezivuta mno. Mtu wangu hawezi hata kufumba macho."

"Wewe utajua nini kuhusu nywele? Kichwa chako si unakifuta kwa kitambaa tu kama meza?"

Wateja walicheka mpaka ikabidi tuwashike vichwa. Wengine walimtumia salamu. Mume wa dada alikwishafariki zamani, binti yuko kwake, na mimi nina watoto wangu wa kukimbilia jioni. Kipara ndiye aliyekuwa akimuuliza kama amekula. Nilifurahi, sifichi.

Modi ikakua. Watu wasiohesabika wakawa wanaipakua, wakishukuru, wakituma picha za watu wao waliopendeza. Halafu shukrani zikaanza kugeuka amri. Mbona mpya hazitoki? Mbona unachelewa? Mmoja aliandika kwamba rasta za bibi harusi zimechelewa na harusi ya mtu wake ndani ya gemu imeharibika, na dada ndiye wa kulaumiwa. Hapo mimi nikapandwa na hasira.

"Mtu akikaa kwenye kiti hiki analipa," nilisema. "Akikaa kwenye kiti chake nyumbani anapata kazi ya vidole vilevile. Kwa nini asilipe?"

Mteja wa dada siku hiyo alikuwa mwalimu wa chekechea, mama mpole. Akasema, "Hapa tulianza kwa kulipana. Kule mlianza kwa kupeana. Kuvuka kutoka kule kuja huku, mtu anawaaga wenzake kwanza."

"Kuagana kwa nini? Anahama?" nilimjibu, na saluni ikacheka. Mimi bado naamini kazi ilipwe, na sitabadili kauli yangu leo. Lakini yule mama alikuwa ameona mbali kuliko sisi.

Dada akaweka bei. Ilikuwa ndogo, huwezi kununulia hata fungu la rasta. Fedha za kwanza zilipoingia akazigawa katikati na kumtumia Kipara nusu yake bila kumwambia lolote. Alikuwa na furaha ya mtoto. "Atashtuka huyo! Atanunua kofia!" Siku nzima alikuwa akiichungulia simu yake.

Wachezaji waligawanyika, kama ilivyotarajiwa. Wako waliolipa kimya kimya, wako waliomwita mwenye tamaa. Kipara hakusema kitu siku hiyo, wala iliyofuata. Ujumbe wake ulipofika, dada aliufungua saluni kama kawaida, mkono mmoja ukiwa umeshika kitana.

"Fundi, fedha nimezirudisha," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Ile sehemu ya upepo si yangu peke yangu. Kuna binti mmoja, mchezaji mwenzetu, alinipa, nikamwahidi kwamba haitauzwa kamwe. Leo ameniandikia, 'Hata wewe?' Sijui nimjibu nini. Ungeniuliza tu."

Ndivyo alivyosema, hakuna tusi hata moja ndani yake. Lakini dada alikuwa ameshatukanwa na wasiomjua siku mbili mfululizo, na zawadi aliyoitoa kwa moyo mweupe imerudishwa mbele ya wateja wake. Niliona shingo yake inavimba. Nikamwambia, "Dada, subiri kwanza." Akabonyeza simu na kuanza kusema.

"Kwani mimi nimeiba? Nywele nimechora mimi, mgongo unauma wangu! Wewe umefanya nini cha ajabu? Kutikisa nywele? Hata feni inatikisa nywele!"

Akaachia kidole, ujumbe ukaenda. Hakuna aliyecheka. Feni ya saluni ilikuwa inazunguka juu yetu, na nilitamani kuizima. Dada akaendelea kusuka, akakosea mstari, akafumua, akakosea tena. Kwa miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumwona akikosea mstari huohuo mara ya pili.

Kipara hakugombana. Aliiondoa programu yake, basi. Kesho yake nywele zote za dada zilikuwa zimekauka upya vichwani mwa watu, na waliolipa wakaja juu, wana haki sasa, wanadai chao. Dada akamrudishia kila mmoja, akafuta bei, akabaki na aibu yake.

Kumwomba Kipara radhi kulimchukua muda. Nilimsikia stoo, katikati ya makopo ya mafuta ya nywele, akirekodi na kufuta, akirekodi na kufuta. Mwishowe akatuma: "Nisamehe. Nilikukosea. Mdomo wangu hauna breki, na nilichosema si kweli. Bila wewe zile zilikuwa kuni tu."

Jibu lilikuja kwa maandishi. "Yameisha, usijali." Programu ikarudishwa. Nywele zikapepea.

Nani asiyejua kwamba watu huandika "yameisha" wakati yanaanza? Sauti ya Kipara hatukuisikia tena. Akiulizwa anajibu, vizuri, kwa ufupi, kuhusu kazi tu. Dada alijaribu kumchokoza kuhusu kipara chake, akapata alama moja ya tabasamu. Kwa wateja alisingizia kwamba jamaa yuko safarini.

Halafu gemu ikapata toleo jipya, na modi yote ikavurugika. Mabutu yaliwashuka watu mpaka kidevuni. Mama mmoja wa ndani ya gemu alikuwa akinunua mboga huku ana ndevu za mistari. Dada alicheka mpaka akafuta machozi, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu, akamtumia Kipara picha na ujumbe wa sauti: "Njoo uokoe hawa, wamekuwa mabeberu!" Kwa mambo kama haya zamani wangecheka wiki nzima.

Akajibiwa kabla hatujafunga saluni.

"Habari. Nimeona tatizo, linarekebishika kwa siku chache. Bei yangu nimeiweka hapa chini. Sehemu ya upepo nitaiandika upya mwenyewe, kwa hiyo ukitaka kuuza baadaye hutakuwa na kizuizi. Ukikubali, nitaanza."

Dada alinipa simu niisome. Niliisoma nikitafuta mahali pa kukasirikia, nikakosa. Bei ilikuwa ya haki. Maneno yalikuwa ya heshima. Alikuwa akidai jasho lake, kitu kilekile nilichokipigia kelele mimi saluni nzima.

"Mwambie apunguze," nilisema.

"Nimwambie Kipara apunguze?" Akalipa yote, mara moja.

Kazi ikaja kabla ya siku aliyoahidi. Haijawahi kutoka safi vile: nywele zilitikisika, zikatulia, zikaanguka begani kama za mtu anayepumua. Dada hakuiuza, akaiweka bure kama zamani, na jina la Kipara juu ya lake. Akamtumia ujumbe wa sauti mrefu wa kumshukuru. Akamwuliza kama amekula.

Simu ililia akiwa anafagia. Akaegemeza ufagio ukutani na kusoma kwa sauti, kwa sababu niliuliza anasemaje.

"Malipo yamefika, asante. Ukiwa na kazi nyingine, karibu tena."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, kile cha kwanza, akaliangalia lile neno la mwisho.

"Karibu tena," alisema. "Mdogo wangu, hivi ndivyo ninavyowaambia watu nisiowajua majina."