Wilondja Alipolala Sakafuni

Mpiga picha wa kanisa letu hapa Garland, kando ya Dallas, ni Wilondja, Mbembe wa Fizi, ambaye siku za kazi tunafunga vioo pamoja naye kwenye kiwanda cha madirisha. Harusi, ubatizo, mazishi, yote yake. Na sheria ya picha kwetu inajulikana: simama wima, tazama mbele, na miguu ionekane, maana kumkata mtu miguu ni kumtukana. Aliishika sheria hiyo vizuri mpaka mkewe, Tania, alipomburuta kwenda makumbusho Dallas siku yao ya ofu.

Huko walikuta picha za Wasovieti za kati ya vita viwili vya dunia. Viwanda, matrekta, wafanyakazi waliopigwa picha kutoka chini, kutoka juu, kamera imeinama. Alirudi amechizika. "Dada Lydiah," akaniambia wakati wa chakula, "wale walimfanya mfanyakazi awe mrefu kama bomba la moshi." Nikamuuliza kama huyo mrefu alikuwa ameshiba. Akakiri kwamba maelezo ukutani yalisema watu walikufa njaa huku matrekta yakipigwa picha. Wanaoremba viwanda hunikera, mgongo wangu unakijua kiwanda. Lakini Wilondja akishapenda kitu, hasikii la mtu.

Basi Généreuse, mwenzetu wa mashine ya kukata alumini, akamwomba picha ya kumtumia mamaye, aliyebaki kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mama huyo kila akipiga simu anauliza: unaishi vizuri kweli, ama unanidanganya nisilie? Généreuse akasuka nywele, akapaka midomo rangi. Wilondja akalala chali kwenye vumbi la alumini, akapiga kwa simu ya Généreuse, na papo hapo akamtumia yule mama kabla hatujaiona.

Tulipoiona, ilikuwa buti mbili kubwa kama mitumbwi, mkono wa mashine umekatiza mshazari, na huko juu kabisa kidevu. Nywele hakuna. Sura hakuna.

"Kaka Wilondja," Généreuse akasema polepole, "mama yangu ananitafuta, wewe unamutumia viatu?" Akalia. Nikamkaripia Wilondja mpaka msimamizi akaja kuuliza kama kuna aliyeumia. Yeye akakunja kofia mikononi. Nilimhurumia. Kidogo tu.

Jumapili, baada ya ibada, ujumbe wa sauti wa mama ukaingia. Généreuse aliogopa kuufungua, nikaufungua mimi, Wilondja amesimama nyuma yetu.

"Mutoto wangu," mama akasema, "nimeona viatu. Nimeonyesha majirani wote. Ulitoka hapa na kandambili imeshonwa na waya. Nilikuangalia mpaka ukapanda basi, nikasema, huyu atafika wapi na miguu ile? Sasa nimeamini." Akavuta pumzi. "Huyo mupiga picha mumushukuru. Lakini mumwambie asimame, nione na uso."

Wilondja alikuwa ameshatoa kamera. Généreuse, kitenge chake cha Jumapili kimenyooka, akajifuta macho, akasema tumsubiri, akaenda garini kuchukua buti.