Jina la Masirori

Hapa Manyamanyama ninakokaa kuta za nyumba ni nyembamba, na wiki hii kwa jirani kuna mtoto mchanga. Analia kile kilio kikavu kisichotaka ziwa wala wimbo. Wa nyumbani kwangu wanalalamika. Mimi nabaki nimeshika kikombe, chai inapoa, na tayari niko Butiama tena, nina kama miaka minane, na ninaogopa.

Kijijini kwetu hukuweza kutembea bila kukutana na Masirori, ingawa alikufa kabla baba yangu hajazaliwa. Alikuwa mwizi wa ng'ombe. Mawe mawili makubwa yaliyoegemeana juu ya kilima yalikuwa zizi lake. Tuliambiwa ukiweka sikio kwenye ufa utasikia ndama wakilia, na mimi naapa niliwasikia. Shimo lenye umbo la mguu kwenye mwamba wa mtoni lilikuwa unyayo wake, siku aliporuka na fahali begani. Lilikuwa kubwa hata ungeweza kumwogesha mbuzi humo. Na pale njia panda, tulikopita kwenda kutafuta kuni, palikuwa na rundo la mawe. Hapo ndipo watu walipomuua wakamfukia, asirudi kwao hata akiwa maiti. Kila aliyepita alitupa jiwe na kusema, "Lala hukohuko." Hata katekista alitupa, nilimwona, kisha akageuka kuangalia kama kuna mtu.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye peke yake ambaye hakutupa. Alipita ukingo wa pili wa njia akiwa kimya. Nilidhani mgongo unamuuma, hawezi kuinama kuokota.

Kisha akazaliwa mdogo wangu, akilia, na hakunyamaza. Alikataa ziwa. Zahanati walimpima wakasema hawaoni ugonjwa, lakini mbavu zake zilianza kuonekana. Kwetu mtoto wa namna hiyo anajulikana: kuna marehemu anayedai jina lake. Basi mama akakaa kwenye mkeka, mtoto kifuani, na Bibi akaanza kuwataja wafu wetu mmoja mmoja. Jina atakalolikubali, atanyonya.

Alitajwa babu aliyefyatua matofali ya kanisa. Alitajwa mwingine aliyerudi kutoka vitani na koti tu. Alitajwa hata yule ambaye sifa yake pekee ilikuwa kumaliza ugali wa harusi. Kwa huyo mtoto alipiga kelele zaidi, baba akacheka, halafu akaona aibu. Wafu wakaisha. Sauti ya mtoto ilibaki ya kukwaruza tu, na mama akaanza kulia naye.

Bibi alisogea mkekani. Kisha akamwinamia mtoto, akasema taratibu, "Masirori."

Mtoto akashika ziwa.

Nyumba nzima ilipoa. Nilimsikia akimeza.

"Mama," mama yangu akamwambia Bibi, "ni huyo wa mawe?"

"Alikuwaga kaka yangu. Tumenyonya ziwa moja."

Baba alikuwa akimtazama mama yake kama mgeni. Hakuwahi kuambiwa.

"Wanasema jina jema hung'ara gizani," mama akasema. "Hili nitalipeleka kwa padri namna gani?"

"Kwa padri mpe lingine. Hapa nyumbani ni hilo. Au unataka alie tena, mama Nyangi?" Nyangi ni mimi.

Mama hakutaka. Aliogopa, akanyonyesha.

Mimi nilimwogopa mdogo wangu miezi mingi. Nikimbeba mgongoni kupita njia panda, nilihisi anageuza shingo kulitazama rundo. Siku moja mkono wangu uliokota jiwe kwa mazoea. Bibi akaudaka.

"Liweke chini. Umembeba mgongoni, halafu unampiga?"

Nililiweka, tukaenda nyumbani.

Masirori wetu sasa anaziba pancha za baiskeli Kisorya, karibu na kivuko, na hajawahi kuiba hata yai. Mama alifariki akiwa bado anamwangalia mikono.

Lakini anayenirudia zaidi ni Bibi. Alikuwa akiliita jina lile kutwa nzima uani. Akichambua mchicha, "Masirori!" Akifukuza kuku, "Masirori!" Mara nyingine mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu, nami nikimwambia, "Bibi, amelala, hasikii." Alinitazama kidogo, kisha akaelekeza uso kilimani na kuita tena, kwa sauti nyepesi, kama msichana anayemwita mtu aje kula. Nilidhani uzee umeanza kumchanganya. Nilikuwa mtu mzima, nimeshazika wa kwangu, nilipoelewa kwamba tangu siku ile kaka yake alipouawa, Bibi hakuwa amethubutu kulitamka jina lake mbele za watu, na sasa, kwa mara ya kwanza tangu usichana wake, alikuwa na ruhusa ya kumwita. Na kila alipomaliza kuita, alisikiliza kwanza.