Orodha ya Sokoni Nyuma ya Mkono wa Shati

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, yakikatika na kurudi. Jua lilichungulia mara moja kabla ya adhuhuri, likajificha tena.

Mtaa mzima unamwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Huenda nayo dukani, na siku moja alipandishwa nayo kwenye mizani ya kliniki. Chumba chake cha mbele kina cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na waya ulioning'inizwa karatasi za kaki. Kila karatasi ni sehemu ya nguo: kola, mgongo, mfuko, mkono. Huilaza juu ya kitambaa, akaizungushia chaki, ndipo akakata. Kabla ya hapo alishona miaka kumi na mmoja katika karakana ya mtu, ambako msimamizi aliwahesabia dakika za kwenda chooni. Siku aliyotoka aliapa kwamba ruhusa ya kwenda chooni hataiomba tena kwa mwanadamu.

Mwezi huo alipata kazi kubwa ya kwanza tangu ajitegemee: mashati arobaini ya sare kwa shule ya jirani, ya kuchukuliwa Jumatano. Kitambaa kililetwa na shule yenyewe, kimepimwa, hakuna cha ziada. Mwalimu mkuu hakuzunguka mbuyu. Yakitoka vizuri na kwa wakati, sare zote za shule zitakuwa kazi yake. Yakiharibika, mafundi wapo wengine. Mama Futi alijua kwamba hao wengine ni ile karakana, na kwamba bila kazi za namna hii naye angerudi huko huko.

Kilichomla muda hakikuwa cherehani, kilikuwa swali. Kila siku saa kumi na moja jioni lazima mmoja wa watu wa nyumba hiyo asimame mlangoni na kuuliza, "Leo tunakula nini?" Basi mshono unaachwa katikati, Mama Futi anakimbilia sokoni, anarudi na vitunguu, anakumbuka kwamba hakuna mafuta, anatoka tena. Saa mbili zimekwenda na maji.

Ijumaa alikaa akakipanga chakula cha wiki kama anavyopanga vipande juu ya kitambaa, ili kisipotee kitu. Kuku wa Jumamosi, mifupa yake iwe supu ya Jumapili. Maharage ya Jumatatu yachemshwe mengi, nusu yabaki ya Jumatano. Kabichi moja ipikwe mara mbili. Chini yake akaandika orodha ya vitu vyote vya kununua, kwa safari moja tu.

Mama mkwe wake, ambaye anakaa nao tangu miguu ianze kumsumbua, aliisoma akaguna.

"Mwanangu, tumbo halina kalenda. Mimi nitajuaje kama Jumatano nitataka maharage?"

"Utayataka, mama. Ndiyo yatakayokuwepo."

"Haya. Mmeanza kunipangia hata njaa."

Jumamosi asubuhi mumewe, fundi baiskeli, aliichukua ile karatasi na vikapu viwili akaenda sokoni. Karatasi ilikuwa na umbo la ajabu: pana, juu imepinda kama kilima, chini nyembamba. Yeye hakushangaa. Katika nyumba hiyo kila kitu huandikwa kwenye mabaki ya kaki. Hata barua ya kumwombea binti yao ruhusa ya kuchelewa iliwahi kufika shuleni ikiwa na umbo la kola.

Alirudi saa tano na kila kitu, hata chumvi. Mama Futi alipanga mboga kwenye rafu huku anaimba, kisha akarudi mezani. Mashati ishirini na manane yalikuwa yameshashonwa, yamebaki vifungo tu. Yalibaki kumi na mawili ya saizi kubwa kuliko zote. Akakata migongo, akakata mbele, akakata kola. Akanyoosha mkono kwenye waya kuchukua karatasi ya mikono, akagusa hewa.

Alitafuta chini ya meza. Alitafuta chini ya cherehani zote mbili. Kisha akasimama wima, akaita kwa sauti ndogo.

"Baba watoto. Ile orodha uliyokwenda nayo iko wapi?"

"Si nimenunua vyote? Ya nini tena?"

"Ilikuwa na umbo gani?"

Mumewe alichora hewani kwa vidole: pana, kilima, nyembamba. Mama Futi akaketi akashika tama. Jana alikuwa ameichomoa kwenye waya akidhani ni mabaki, akaandika nyuma yake.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema kutoka jikoni, "mwanangu amekwenda sokoni na mkono, akauacha huko."

Hakuna aliyecheka. Shati la mfano lilikuwa limerudishwa shuleni, na shule imefungwa mpaka Jumatatu mchana. Angeweza kuchora karatasi nyingine kwa kukisia, lakini aliwahi kufanya hivyo kule karakana, na mikono ikapinda. Kila aliyevaa shati lile alionekana kama ananyoosha mkono kuuliza swali. Kule kitambaa kingine kilipatikana. Hapa akikosea mara moja, amekosea moja kwa moja.

"Nitairudisha," mumewe akasema, akatoa baiskeli kwenye manyunyu.

Alipita kinyumenyume njia yake ya asubuhi. Duka la nafaka hawakuiona. Muuza kuku hakuiona. Muuza mayai alimtazama kwa huruma.

"Shemeji, hapa karatasi ya kaki nafungia mayai. Kama niliiokota, imeshatoka na mteja."

Ilibaki meza moja tu, ya mama muuza mboga, kwenye kona. Kabla hajaifikia akaona kilima cha kaki kimepigiliwa msumari kwenye nguzo, na mama mwenyewe amekaa chini yake, kalamu mkononi, ananakili kwenye kipande cha boksi.

"Mama, hiyo karatasi ni ya mke wangu."

"Najua. Uliiacha juu ya kabichi. Subiri kidogo, niko Alhamisi."

"Nakuomba sana, mama. Kuna watoto kumi na wawili hawana mikono!"

Kalamu ikasimama. "Masikini! Wamepata ajali?"

"Mikono ya mashati, mama! Ya mashati!"

Mama muuza mboga alicheka mpaka nyanya zikabiringika. "Umenitoa roho! Haya, nisomee Alhamisi na Ijumaa, tumalize upesi. Nauza mboga miaka yote hii, na jioni nikifika kwangu sijui nipike nini. Mkeo ana akili. Mwambie hivyo."

Fundi baiskeli akasimama kwenye manyunyu akasoma kwa sauti, kama mtoto wa shule: Alhamisi viazi na mayai, Ijumaa samaki na ile nusu ya kabichi. Kisha akang'oa msumari.

Nyumbani, Mama Futi hakuwa amegusa mkasi. Alikuwa amefagia chumba mara mbili. Aliposikia kengele ya baiskeli hakutoka. Alisimama tu, futi mkononi. Mumewe aliitoa karatasi ndani ya shati lake, kifuani, kavu. Akailaza mezani. Mama Futi akapima bega, akapima urefu, akapima kiganja. Haikuchanika wala kuvutika. Ilikuwa na tundu la msumari kwenye kiwiko na alama ya kijani ya majani ya kitunguu.

"Iko nzima," akasema, akashusha pumzi ambayo mama mkwe aliisikia jikoni. Kisha akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya futi.

Saa kumi na moja ilifika, na mlangoni hakusimama mtu. Kuku alikuwa jikoni tayari, na mama mkwe anachagua mchele. Kukata mikono alikuacha mpaka mwanga wa asubuhi, akatia vifungo kwenye mashati mpaka alipoitwa kula, kama mgeni. Hakukumbuka mara ya mwisho kuitwa kula nyumbani kwake.

"Na kesho ni nini vile?" mama mkwe akauliza, mfupa mkononi.

"Supu, mama. Si ulisema tumbo halina kalenda?"

"Halina. Ni meno yanayouliza."

Kesho yake, Jumapili, mvua ilikuwa imekata. Binti alinakili mpango wa wiki kwenye ukurasa wa daftari, akaubandika ndani ya mlango wa kabati. Mama Futi alipofungua kabati kuchukua majani ya chai, akakuta maharage ya Jumatano yamekatwa kwa penseli na kuhamishiwa Jumanne, kwa mwandiko wa kizee. Aliyaacha hapo hapo. Akaenda mezani, akailaza karatasi juu ya kitambaa, upande wa chakula chini, akaiwekea pasi juu isicheze. Akazungushia chaki, akakata mikono yote ishirini na minne. Kitambaa kilichobaki kilikuwa upana wa kiganja.